Usiniambie Matokeo

Mimi nikiishi na watu wanne, ifikapo Ijumaa najua nani kaachana na nani, na sweta ya nani imeazimwa bila ruhusa. Kwetu Webuye nyumba haikosi mgeni, na siku akikosekana nilikuwa naenda barabarani kumtafuta. Sasa mtu wa namna hiyo mweke Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kwenye nyumba ya ghorofa tatu yenye ukuta mrefu kuliko nyumba, umpe chumba juu ya paa kando ya mashine ya kufulia. Mwezi wa kwanza nilikuwa naiaga ile mashine nikienda kulala. Watoto wa madam wana adabu, siwasengenyi, lakini wananiita kwa kengele.

Kilichoniokoa ni raga, na mimi raga nilikuwa siijui. Nilijua kwamba wanaume wa kwetu wakiitazama wanavunja viti, basi. Lakini kulikuwa na kijana wa kwetu anaitwa Vincent, mrefu kama nguzo ya stima, aliyechukuliwa na timu moja ya Italia inayocheza ligi kubwa ya kulipwa. Ligi yenyewe haina nchi moja. Leo wako Ireland mvua inawapiga ubavuni, wiki ijayo Wales, halafu Scotland, halafu wanapanda ndege hadi Afrika Kusini. Protus, bawabu wa jengo moja huko Jeddah, alisoma na Vincent shule moja, au ndivyo alivyosema. Mwezi wa tisa akafungua kundi kwenye simu, akaliita Ukumbi, akatutia Wakenya tisa, wengine Jeddah, wengine Riyadh. Yeye ndiye alikuwa na akaunti ya kutazamia mechi, na neno la siri tukapewa sote.

Shida ilikuwa saa. Mechi za Jumamosi zinaangukia wakati nyumba za hapa zimejaa wageni na wewe umeshika trei. Ikabidi tutafute saa moja ambayo sote kumi tuko huru, na saa hiyo, baada ya kubishana wiki nzima, ilipatikana Jumanne saa tisa alasiri, wenye nyumba wakiwa wamekula wamelala. Basi kila Jumanne Protus alikuwa anatuma sauti: moja, mbili, tatu, bonyeza. Sote tunabonyeza mechi ya Jumamosi kwa pamoja. Vincent akimbwaga mtu chini, simu yangu inajaa vicheko tisa kwa mpigo. Mimi niko kwenye ubao wa kupigia pasi, nguo za bosi zinangoja, na nakwambia paa lile lilikuwa limejaa watu.

Ila kutoka Jumamosi hadi Jumanne ni siku tatu, na siku tatu watu wa nyumbani wameshajua nani kashinda na wameshabandika picha. Ndipo nikaleta sheria ya mfungo. Wazo lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Jumamosi adhuhuri simu inazimwa, inawekwa mbali, haifunguliwi hadi Jumanne saa ya kubonyeza. Mimi yangu nilikuwa naizika ndani ya gunia la mchele. Mwezi wa kumi, Noah, mfanyakazi wa bohari, alichungulia akaropoka kwamba Vincent kafunga trai mbili. Nilimtoa kwenye kundi majuma mawili. Aliniomba msamaha kwa ujumbe mrefu kama barua ya posa, na Emmaculate, mwenzetu wa kundi, akasema ningekuwa kafili, yaani tajiri anayeshika kibali chako, ningewafunga watu minyororo. Tulicheka, lakini toka siku hiyo hakuna aliyechungulia.

Ligi ni ndefu, bwana. Inaanza watu wakiwa wengi. Noah alihamishiwa kwa kafili mwingine na namba yake ikafa. Emmaculate, madam wake alimnyang'anya simu, tukawa tunabonyeza tukimtaja jina. Wawili mikataba iliisha, mmoja alitoroka na hatukuuliza, na wengine wawili walinyamaza tu, kidogo kidogo. Protus naye aliondoka wakati wa Pasaka. Aliniachia akaunti na kazi ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Nikabaki nahesabu, na upande wa pili akabaki mtu mmoja.

Huyo ni Zipporah wa Kitale, mfanyakazi wa nyumba huko Jeddah. Sikuwahi kumwona ana kwa ana. Nilijua kicheko chake, kinaanza kwa kukohoa. Nilijua bintiye Lydia anakataa uji, nilijua dereva wao Mbangali anaimba, nilijua anamwonea huruma kila refa. Yeye aliniita Mama Charity, jina la mwanangu wa kwanza, na hapa Saudia hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Sisi wawili tulifika nusu fainali ya ligi kwa kubonyeza pamoja kila Jumanne, na timu ya Vincent ikapita kwa pointi moja, nikaunguza kanzu ya bosi mkononi.

Halafu bahati ikanigusa bega. Baada ya Idi ya kuchinja, madam akasema familia inahamia nyumba yao ya Jeddah, Al-Hamra, karibu na bahari, hadi shule zikaribie kufunguliwa. Nilikuwa nafunga masanduku huku nacheka peke yangu, hadi madam akaniuliza kama ninaumwa. Nilitaka kitu kimoja tu: nitazame fainali nimekaa kiti kimoja na mtu, bega kwa bega, nimwone akikohoa kabla ya kucheka. Nikaomba ruhusa ya Jumanne kwenda mtaa wa Sharafiya kutuma pesa nyumbani. Madam akakubali, lakini saa kumi na mbili kamili niwe garini.

Zipporah naye akaomba kwake. Tukapanga yote kabla ya Jumamosi adhuhuri: Jumanne, saa kumi alasiri, hoteli ya Myemeni iliyo kando ya maduka ya simu, ghorofa ya juu, sehemu ya familia. Simu zibaki zimezimwa hadi tukae, tuwashe moja, tuhesabu pamoja kwa midomo yetu. Akaniuliza nitavaa nini. Nikamwambia abaya nyeusi. Tulicheka hadi tukakosa pumzi. Kisha nikazima simu, nikaizika kwenye mchele.

Jumanne ikafika. Hezekiah, dereva wetu, Mkamba asiye na maneno mengi, aliniteremsha saa kumi kasoro dakika kumi. Nikapanda ngazi, nikachagua meza ya pembeni, nikaagiza chai mbili za maziwa. Mhudumu akaangalia kiti kitupu, akaniangalia mimi. Nikamwambia anakuja.

Saa kumi na robo nikasema foleni. Saa kumi na nusu nikasema madam wake kamzuia, anamalizia vyombo. Akaingia mwanamke mweusi wa abaya nyeusi, nikasimama nusu, akapita akakaa na mumewe. Simu ilikuwa mkobani, imezimwa. Mkono ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi. Nikiwasha, matokeo yataruka usoni, na nitakuwa nimevunja sheria yangu mwenyewe dakika tano kabla hajaingia. Nikajiona nikimweleza Noah. Chai yake ikaanza kufanya ngozi juu. Nikainywa ili mhudumu akija tuagize nyingine ya moto.

Saa kumi na moja na dakika kumi nikaiwasha.

Nilifunika skrini kwa kiganja, nikaacha upenyo wa jina tu. Zipporah. Alikuwa amepiga mara kumi na nne. Zote za Jumapili.

Nikasikiliza sauti zake kwa mpangilio. Ya kwanza ya Jumapili asubuhi: madam wake anasafiri Ulaya mapema, hataki kumwacha nyumbani, kamletea tikiti na kumwambia halas, mkataba umekwisha, ndege ni kesho alfajiri. Ya pili, nimtumie ramani ya nyumba tulipo. Ya tatu, niiwashe simu, tafadhali. Ya nne ilikuwa ya saa kumi na moja jioni, na nyuma yake nilisikia gari na mtu anayeimba.

"Mama Charity, niko Al-Hamra, dereva amekubali kunizungusha nusu saa. Uliniambia geti la kahawia. Mageti yote hapa ni ya kahawia. Natembea pole pole, labda utatoka."

Jumapili saa kumi na moja nilikuwa uani namwagilia maua. Geti lilikuwa hatua nane kutoka niliposimama. Nakumbuka kwa sababu nilisikia gari linapita pole pole, likarudi, nikafikiri ni watu wanaotafuta nyumba ya kupanga.

Ya mwisho ilikuwa ya uwanja wa ndege. Hakulia, wala hakunilaumu, na hapo ndipo pabaya.

"Najua umefunga, wewe ni mtu wa sheria. Hata mimi sijaangalia matokeo. Saa za kwetu na za huko ni moja. Jumanne saa kumi nitakuwa Kitale, na nitabonyeza. Wewe bonyeza hapo hotelini, tutakuwa pamoja."

Saa kumi ilikuwa imepita kitambo. Wakati mimi nasimama nusu kwa ajili ya mke wa mtu, Zipporah alikuwa kwao, amehesabu moja, mbili, tatu, akabonyeza, akangoja kicheko changu. Kulikuwa na ujumbe wa maandishi wa saa kumi na dakika nne: Vincent ameimba wimbo wa timu, umemwona? Halafu wa saa kumi na robo: Mama Charity? Baada ya hapo, hakuna.

Nikaandika kwamba nimewasha sasa hivi, nimesikia yote, niko nyuma yake kwa saa nzima na dakika kumi. Nikaandika, usiniambie matokeo.

Alama zikageuka bluu papo hapo. Akajibu neno moja: Sisemi.

Nikahesabu kwa sauti, mhudumu akageuka. Nikabonyeza. Vincent akatoka kwenye lango la wachezaji, mrefu, anatafuna kitu, na nikatazama fainali ya ligi ya nchi tano nikiwa na vikombe viwili vitupu. Alipomkumbatia mtu kiunoni na kumlaza, nilicheka, kikatoka kicheko kimoja. Nilijua kuna mtu Kitale aliyecheka hapo hapo, lakini alicheka zamani.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kimefika dakika ya thelathini na mbili, timu ya Vincent nyuma kwa pointi tatu, Hezekiah akapiga honi chini. Madam hasubiri. Nikasimamisha picha. Vincent alikuwa hewani, ameinuliwa na wenzake mstarini, mikono juu, mpira haujamfikia.

Garini Hezekiah aliniuliza kama rafiki yangu alikuja. Nikasema mafi, hakuna mtu. Akapitia njia ndefu ya ufukweni, na sikumwomba.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita, na tumesharudi Al-Malqa. Fainali sijaimaliza. Neno la siri ninalo, Jumanne alasiri ninayo, paa lipo. Kila Jumanne saa tisa Zipporah ananipigia kuuliza kama nimeitazama, namwambia bado, anakohoa, anacheka. Kisha tunaongea hadi madam aamke. Mama yangu anajua matokeo, Charity anajua, Webuye yote inajua, na wote nimewaapisha. Nikiuliza habari za Vincent wanabadilisha mazungumzo, wananieleza bei ya mahindi.

Jumanne iliyopita Zipporah aliniambia ligi mpya inaanza mwezi wa tisa, na kwamba lazima niimalize hii kwanza. Nikamwambia nitaimaliza. Akaniuliza lini. Nikamuuliza habari za Lydia na uji.