Kumrushia Muthoni Mpira wa Kilo Nne

Nthiga alikuwa bado hajakubali kijana wake Njeru amwoe binti yangu, na sasa Ednah alikuwa amenipa mpira wa kilo nne nimrushie kifuani.

Sikuutafuta huo mkosi. Pasta wetu hapa Kinoru alichoka kuzika wanaume wenye presha, akamwita Ednah, mwalimu wa michezo, atufundishe mazoezi kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa kanisa. Ednah hupanga watu wawili wawili kwa uzito. Mimi nina buchari ya nyama, na mwili wangu ni wa mtu wa buchari. Nthiga ana kinu cha posho na anakula unga wake mwenyewe. Tukawekwa pamoja, muthoni na muthoni, ndivyo tunavyoita wakwe huku kwetu, ingawa ukwe wenyewe ulikuwa bado unaning'inia.

Huyo mzee ni wa Mbeere na hana maneno mengi. Tangu Krismasi, mshenga wetu Muturi alikuwa akienda kwake kuuliza, na jibu halikubadilika: "Bado nawaangalia hao watu." Karimi wangu alikuwa ameanza kukonda, na huyo ni msichana ambaye hata malaria haikuwahi kumkondesha. Mke wangu Ruguru akaniambia mdomo wangu umeshafukuza wateja wa kutosha, sasa nisifukuze wakwe. Kwa hivyo kila nilipokutana na Nthiga nilikuwa mpole kama mgonjwa wa wodini.

"Sikizeni, wazee," Ednah akasema. "Kwanza angalia nyuma ya mwenzako kama kuna mtu. Panua miguu, legeza magoti. Mpira uko kifuani, na nguvu inatoka miguuni inapanda mpaka mikononi. Mgongo usijipinde. Anayedaka atoe mikono mbele, vidole wazi, na mpira ukifika arudi nao kifuani. Asiupinge kama ukuta. Na hakuna kurusha kabla mwenzako hajakutazama."

Nikamtazama Nthiga. Nikatembea mpaka alipo, nikampa mpira kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

"Asante, muthoni," akasema.

"Karibu, muthoni."

Akautazama, akatembea nao mpaka kwangu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Wazee," Ednah akasema, "hicho si kibuyu cha uji. Rusheni."

Nikarudi nyuma. "Muthoni, kwa ruhusa yako, na kama hutaona vibaya, ningependa kukurushia huu mpira."

"Ruhusa unayo, muthoni. Lakini usijichoshe kwa ajili yangu."

"Sichoki. Ni wewe sitaki uchoke."

Muturi alikuwa kando yetu akirushiana na pasta. "Sisi tumeshatoa jasho," akasema, "na hawa wako kwenye maombi ya kufungua mkutano."

Nikarusha. Nilirusha kwa heshima, polepole, kama mtu anayemwekea mgeni chai mezani. Mpira ulifika nusu ya njia ukachoka, ukaanguka, ukabingirika na kumpanda Nthiga kidole gumba cha mguu.

"Pole sana, muthoni."

"Si kitu. Kidole hicho sikitumii sana."

Naye akanirushia kwa heshima ile ile, mpira ukanipata kwenye mfupa wa mguu. Nikasema si kitu, machozi yakinilenga. Nikamrudishia kwa upole zaidi. Ukaangukia kidole kile kile, na safari hii bila kubingirika.

Ednah akapuliza filimbi. "Nyinyi wawili mtaumia. Mpira mzito ukirushwa bila nguvu haufiki kifuani, unaishia miguuni. Mkirudia hivyo nawatoa uwanjani."

Nthiga akaja kwangu akichechemea. Nikajua ndoa imekwisha.

"Mutembei," akasema kwa sauti ya chini. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Kwa nini wewe unakubali kila kitu?"

"Kitu gani?"

"Nilisema mbuzi wa huku Imenti hawana ladha, ukakubali, na wewe ndiye unawauza. Nikasema pasta anahubiri vizuri, ukakubali, na ulikuwa umelala, nilikuona. Mtu kama huyo nitamwitaje muthoni? Sijui hata anafikiria nini."

"Mke wangu alinikataza kusema."

"Hayuko hapa. Sema."

"Unga wako una mchanga," nikamwambia. "Na mbuzi wangu hawana shida. Shida ni meno yako."

Nthiga akachechemea mpaka mahali pake, akapanua miguu, akanyoosha mikono.

"Rusha. Kifuani. Ukinigusa kidole tena, tusalimiane kanisani tu."

Nikalegeza magoti, nikasukuma. Mpira ulienda moja kwa moja kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Akaudaka, akarudi nao kifuani, akasema "Hm." Akaurudisha kwa hasira yote ya kidole chake.

"Karimi anajua kupika?" akauliza nilipoudaka.

"Anaunguza hata maji." Nikarusha. "Njeru huamka mapema?"

"Akiamshwa. Huyo msichana ana hasira?"

"Kama zangu. Kijana wako anasikia akiambiwa?"

"Sikio moja."

"Hilo linamtosha Karimi."

"Wazee, ukirusha unatoa pumzi," Ednah akasema. "Hamtoi pumzi, mnatoa maneno."

"Waache," Muturi akasema. "Hiyo kazi nimeifanya tangu Krismasi bila mpira."

Jasho lilikuwa linamtoka Nthiga mpaka kwenye ndevu. Akasimama na mpira kifuani, asirushe. Pasta mwenyewe akaacha kurusha. Nilinyoosha mikono nikingoja, na nikakumbuka yale yote niliyomwambia kuhusu mchanga na meno.

"Mlitaka harusi Agosti," akasema. "Agosti huku ni baridi. Watu wangu watoke kwenye joto la Mbeere waje kufa hapa? Itakuwa Desemba."

Akarusha. Mikono yangu ilikuwa imeshashuka kwa furaha, na mpira ukanikuta kifua wazi. Nikakaa chini, kwenye matope, bila kutaka.

"Mikono, mzee, mikono," Ednah akasema akija mbio.

Nikainua kidole gumba kumwambia Nthiga kwamba Desemba ni sawa, kwa sababu pumzi ya kusema ilikuwa bado haijarudi.