Mlinzi wa Mlango wa Tatu

Mtaa mzima ulimwita Kitufe. Tangu mdogo hakuweza kuona kitufe asikibonyeze: cha redio, cha kengele za watu, hata cha lifti ya hospitali, siku aliyopanda na kushuka mpaka mlinzi akamtoa kwa sikio. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na vitufe ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Alikuwa anatengeneza gemu ya kompyuta, peke yake.

Na peke yake maana yake peke yake kwelikweli. Picha alichora yeye. Muziki alipiga yeye, kwa kinanda kilichong'oka meno mawili. Mvua iliyokuwa ikinyesha ndani ya gemu ilikuwa mchele alioumimina kwenye sinia akiurekodi, na mama yake alimgombeza siku nzima, maana ulikuwa mchele wa chakula cha mchana. Ofisi yake ilikuwa stoo nyuma ya jiko. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku mawili, kitasa bado kipo, kikimchoma tumboni kila alipoegemea mbele.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi: msafiri anaingia kwenye nyumba yenye milango kumi na miwili. Kila mlango una mlinzi, na kila mlinzi ana kitendawili. Ukijibu unapita. Ukikosa mara tatu tarumbeta inalia, maandishi mekundu yanatokea, "UMESHINDWA. ANZA UPYA," na unarudishwa mlango wa kwanza.

Miaka mitatu aliitengeneza. Zilipobaki wiki mbili iingie kwenye duka la mtandaoni, akawapa watu hamsini waijaribu bure. Arobaini na mmoja waliishia mlango wa tatu. Hata kutukana hawakutukana. Waliondoka kimya, kama wageni waliokuta wenye nyumba wamelala. Naye alijua tabia ya duka lile: gemu isiyopata watu wiki ya kwanza husukumwa chini kabisa ya rafu, mahali ambapo hakuna mtu anayeinama kuangalia. Bosi wake wa zamani, mwenye duka la kutengeneza kompyuta, alikuwa amemwekea kiti chake cha kazi mpaka mwisho wa mwezi. Kitufe hakumchukia bosi wala kile kiti. Ila alijua akikikalia tena, stoo ile itarudi kuwa ya vitunguu.

Akarahisisha vitendawili. Wapi! Watu wakazidi kuondoka.

Alasiri moja bibi yake aliingia stoo akitafuta miwani. Bibi huyu ndiye aliyemlea kwa vitendawili, na vingi vilivyokuwa ndani ya gemu vilikuwa vyake. Kitufe hakuwa amemwambia. Alitaka kumshtukiza kazi ikikamilika, na sasa aliona haya kumwonyesha kitu kinachokimbiwa na watu.

"Miwani iko kichwani, Bibi."

"Najua. Nilikuwa naitafuta ili nipate sababu ya kuingia," akasema Bibi, akavuta kiti. "Mume wangu, siku tatu huli. Umepata mke mwingine humo ndani ya kioo?"

"Mke gani, Bibi! Ni kazi."

"Basi niione hiyo kazi inayonitia wivu."

Ikabidi amwonyeshe. Bibi akasoma polepole, kidole hewani, kama alivyosoma darasa la nne alipoishia. Mlango wa kwanza akajibu kabla hajamaliza kusoma, akacheka. "Hiki changu!" Wa pili nao wake, safari hii hakucheka, alimgusa mjukuu wake bega. Wa tatu kitendawili alikitunga Kitufe mwenyewe:

*Watoto wangu mia wamekaa kwa mistari. Nawagonga vichwani mchana kutwa, wao kimya. Anayesema ni jirani yao.*

"Mahindi," Bibi akasema. Kitufe akamwandikia. Amekosa.

"Niachie niandike mwenyewe." Akagonga herufi moja moja kwa kidole kimoja: m-i-s-u-m-a-r-i. Amekosa. Akagonga tena kwa hasira: m-e-n-o. Tarumbeta ikalia, mlango wa kwanza ukarudi.

"Haya, nimeshindwa," Bibi akakiambia kioo. "Chukua mji."

Kimya.

"Nimesema chukua mji! Huyu mlinzi wako ni kiziwi?"

"Bibi, hakuna mji hapa. Ukikosa unaanza upya."

Bibi akavua miwani. "Nani alikufundisha kutega bila kupokea mji? Mtu akishindwa kitendawili hafukuzwi, mume wangu. Anatoa mji. Mtegaji anakwenda huko, anakula, anatembea, anarudi na habari, halafu anatoa jibu. Huyu wako anawapigia watu tarumbeta kama wezi!"

Kitufe akakumbuka alivyokuwa na miaka sita, amelala mgongoni mkekani, jibu analo mdomoni, lakini anasema ameshindwa. Ampe Bibi mji, ili asikie Bibi amefanya nini huko. Bibi alikuwa akiwakuta mameya wenye kiatu kimoja na mbuzi wanaouza magazeti. Kushindwa ndiko kulikokuwa kutamu. Na yeye, miaka mitatu, alijifunza kutoka gemu za watu wengine kwamba anayekosa lazima aadhibiwe, akasahau alikotoka.

"Bibi," akasema, "una kazi wiki hii?"

"Kazi yangu ni kukuhangaikia. Naweza kuifanya nimekaa."

Kwa siku kumi na moja Bibi alikaa kitini mle stoo akichambua mchele na kusimulia, Kitufe akiandika. Tarumbeta ikafutwa. Sasa ukikosa, mlinzi anasema, "Nipe mji." Unaandika mji wowote duniani. Anavaa viatu, anakwenda, anarudi na vumbi miguuni, na kukwambia aliyoyaona huko. Kisha anakunong'oneza jibu na kukufungulia. Mama mtu naye alileta chai, akachangia mbuzi wawili wa hadithi.

"Na lile jibu la mlango wa tatu ni nini?" Bibi akauliza siku ya mwisho.

"Vitufe vya kibodi. Na jirani ni kioo."

Bibi akatazama kidole chake. "Yaani nilikuwa nawagonga wenyewe!" Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Gemu ikaingia dukani Jumatatu asubuhi. Mpaka saa saba mchana hakuna aliyesema neno. Kisha ujumbe wa kwanza: "Jibu nilikuwa nalo. Nimekosa makusudi." Mpaka jioni zilikuwa zimefika jumbe nyingi. Muuguzi mmoja aliandika kwamba alitoa mji aliouhama akiwa mtoto, na mlinzi akarudi akasema huko bado wanamuulizia. Alishukuru mara mbili katika mstari mmoja.

Wiki ilipoisha gemu ilikuwa bado rafu ya juu. Kitufe akampigia bosi simu kumshukuru na kumwambia kile kiti ampe mwingine.

"Nilishampa jana," bosi akasema. "Mimi mwenyewe niko mlango wa sita, miji imeniishia. Natoa sasa ya wakwe zangu."

Kitufe alikata simu akicheka, akamgeukia Bibi aliyekuwa kwenye kiti chake. Alitafuta neno la kumshukuru. Bibi akamwona, akamwokoa.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni wangu. Nikifungua mlango hutoka, nikifunga huingia."

Giza. Alikijua tangu ana miaka sita. Ndicho kilichokuwa mlango wa kwanza.

"Nimeshindwa, Bibi."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Nimeshindwa kabisa. Chukua mji."

"Upi?"

"Stoo hii."

Bibi akaweka sinia chini, akajiweka sawa kitini. "Haya. Nilikwenda stoo yako, mume wangu, nikakuta meza yenye kitasa..."

Kitufe akalala mgongoni sakafuni, akafumba macho, akasikiliza.