Shangazi Asiye na Mwili

Niliambiwa kwamba jirani zetu wapya huwaachia watoto wao kichwa kiwalee.

Aliyeniambia ni mteja wangu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, niliyekuwa nampima kiuno. Alisema huku ameinua mikono, kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni.

"Kichwa cha nini?" nikamuuliza.

"Kichwa. Kina nywele, kina macho, mwili hakina. Kinakaa juu ya ukuta kinawatazama watoto. Wazazi wenyewe wanasafiri."

"Wanasafiri kwenda wapi?"

"Ndiyo hapo sasa. Kila jioni watoto wanasema baba na mama wamesafiri, na hakuna mtu hata mmoja aliyewaona wakitoka getini."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hilo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Tangu siku hiyo kile kichwa hakikunitoka. Nikitunga uzi, nakiona. Nikipiga pasi, nakiona.

Naandika haya ili mama mwingine ajihadhari. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, kwa hiyo maneno makubwa usiyatafute hapa. Tafuta onyo.

Mimi ni fundi cherehani, na nafanyia kazi nyumbani. Mtoto ninaye mmoja, wa kike, na baba yake alimwita Gundi. Hakumwonea. Nikishona, Gundi yuko chini ya cherehani, mgongo wake umeegemea vigimbi vyangu. Nikienda chooni, anakaa mlangoni anaimba ili nijue yupo, na mimi namwitikia ili ajue nipo. Mume wangu ni mwoka mikate. Hurudi mchana ananukia hamira, anatukuta tumegandana, anatikisa kichwa.

"Mama Gundi," aliniambia siku moja, "siku nikifa mtakuja kunizika mmeshikana hivyohivyo, mkose mkono wa kunitupia udongo."

Yeye ni mtu wa mzaha, lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha. Muhula uliopita nilimpeleka Gundi shule, darasa la watoto wadogo. Alilishika gauni langu mpaka likaachia mshono wa kiunoni, nami nilikuwa nimelishona mwenyewe, mshono mara mbili. Alilia akatapika. Mwalimu mkuu akanivuta pembeni, akasema kwa upole, "Mama, mrudishe nyumbani. Muhula ujao mlete tena. Akishindwa na safari hiyo, nafasi yake nampa mwingine, na wewe tuonane mwakani." Muhula ulikuwa unakaribia kufunguliwa, na Gundi alikuwa bado hajui kukaa chumba kimoja bila mimi. Ndivyo nilivyokuwa wakati habari ya kichwa iliponifikia. Nikajiambia, wenzangu wanaachia watoto vichwa, mimi siwezi hata kumwachia wangu mwalimu.

Nikaamua kwenda kuona kwa macho yangu. Jirani yule ni msusi, hivyo kisingizio kilikuwepo: nywele. Nilikwenda alasiri, Gundi ananing'inia kwenye gauni.

Nilipoingia uani mwao, kitu cha kwanza kunitazama kilikuwa kichwa. Kilikuwa juu ya ukuta mfupi, kimevishwa hereni moja, nywele zimesukwa nusu, nusu zimesimama. Nilirudi nyuma hatua moja kabla sijaelewa. Ni kile kichwa cha mpira ambacho wasusi hujifunzia mitindo.

"Karibu, dada," akasema msusi, mwanamke mrefu mwenye mwanya, kicheko hakimkauki. "Msalimieni Shangazi kwanza, ana wivu."

Gundi akajificha nyuma yangu. Watoto wa msusi walikuwa watatu: binti mkubwa waliyemwita Meneja, na wadogo zake wawili wa kiume, waliokuwa wanavalishana kiatu kimoja. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa anafuta mikono grisi.

Msusi alinisuka upande mmoja. Kisha birika likachemka, akalitoa, akazima jiko, akalifunika vizuri, akasimama katikati ya uwanja.

"Wananchi," akawaambia watoto. "Leo sisi tunakwenda mwezini."

"Mtatuletea nini?" akauliza mdogo kabisa.

"Mavumbi."

"Mlipokwenda chini ya bahari mlisema mavumbi pia."

"Basi tutaleta habari. Baba yenu atamuuliza mwenye mwezi kwa nini anaupunguza."

Watoto wakapanga mstari, wakapunga mikono, wakawatakia safari njema. Mdogo akalia machozi ya kuigiza, akacheka mwenyewe. Fundi friji akabeba birika na vikombe, akasema kwaheri kwa sauti ya mtu anayekwenda mbali sana, akapitia mlango wa jikoni, akaketi kwenye kibaraza cha nyuma. Safari yenyewe ilikuwa hiyo. Mwezi ulikuwa nyuma ya mlango.

Meneja akamgeukia Gundi. "Sheria ni hizi. Damu, moto, mgeni. Ukiona damu, gonga mlango. Ukiona moto, gonga. Akija mgeni, gonga. Kitu kingine chochote, mwambie Shangazi."

"Shangazi hajibu," Gundi akanong'ona.

"Ndiyo maana hatoi siri za watu."

Msusi akanishika kiwiko. "Twende, dada. Kigoda kipo."

"Gundi hawezi."

"Mbona yeye hajasema kitu?"

Nikamtazama Gundi. Alikuwa anaitazama ile hereni. Nikalitoa gauni langu mkononi mwake polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo laini, na kabla sijajua nimefanya nini nilikuwa nimeketi nyuma ya mlango, na mtoto wangu alikuwa upande wa pili.

Nikuambie nilichokiona huko mwezini. Niliona mtu na mkewe wanakunywa chai. Fundi alikuwa ameweka miguu ya mkewe mapajani, anaikanda, anasimulia habari za mteja wake anayehifadhi viatu ndani ya friji ili visichakae. "Nimeifungua nitafute kasoro, nikakuta viatu vya harusi vimekaa karibu na samaki," alisema. Msusi akacheka mpaka chai ikamwagika. Hakuna aliyewakatiza. Hakuna aliyesema nataka, nipe, amenipiga. Maneno yao yalianza, yakaenda, yakafika mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba maneno ya watu wazima yana mwisho.

Hapo nikasikia, "Mama."

Niliruka. Msusi akanishika mkono, si kwa nguvu.

"Umesikia damu?"

"Nimemsikia mwanangu."

"Na mimi nimemsikia. Sasa sikiliza tena."

"Na siku ikija damu kweli?"

"Ilikuja. Huyu mdogo alijikata, na mlango ukagongwa kabla hajapata nafasi ya kulia. Dada, sisi tumeketi hapa, masikio hayajasafiri."

Gundi alikuwa ameanza kulia, kilio kile cha shuleni, kinachoanzia chini. Nikasikia sauti ya Meneja, haina haraka: "Mama yako yuko mwezini, huko watu hawaji wakiitwa. Mwambie Shangazi."

Kwikwi. Kisha, "Shangazi, namtaka mama."

Shangazi hakujibu, na mimi nilikuwa nimeuma ukingo wa kanga yangu.

Kisha nikasikia, "Shangazi, nywele zako zimefumuka huku."

Kisha, taratibu, "Tulia. Usilie, mama. Haiumi, nimekushika. Mimi nipo."

Yale yalikuwa maneno yangu. Neno kwa neno, hata ule mvuto wa mwisho. Nilitega jicho kwenye ufa wa mlango. Gundi alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashavu bado yana maji, amekikumbatia kile kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anakisuka, au anakifumua, sijui. Wale wavulana wawili walikuwa wameshikilia ndoo isiyumbe. Hakuna aliyewatuma.

Nisikufiche. Mtoto wangu sikuwahi kumwona kutoka mbali. Miaka yote nilikuwa namwona utosi, kwa sababu alikuwa chini ya kidevu changu. Kumbe ana shingo ndefu. Kumbe ana mabega, na anayaweka nyuma anapofanya kazi, kama bibi yangu mzaa mama aliyefariki Gundi hajazaliwa. Nani alimfundisha? Nilikuwa nadhani kila kilicho ndani yake nimekitia mimi kwa kijiko. Na hapo palikuwa na mtu mzima mdogo, amesimama juu ya ndoo, anamfariji mwenziwe. Nilihisi kama mtu aliyeishi miaka kwenye nyumba, siku moja akafungua dirisha akakuta mlima.

"Kunywa chai, shemeji," akasema fundi friji. "Inapoa, na huku mwezini hakuna kuni."

Nikanywa. Siku hiyo nilijua chai ina ladha ya majani.

Mlango ukagongwa. Sote tukasimama, hata fundi, na nikaona kwamba kweli masikio yao hayakusafiri, maana msusi aliufikia mlango kabla yangu. Gundi alikuwa amesimama hapo, nywele za Shangazi zimemjaa vidoleni. Nyuma yake Meneja alikuwa amekasirika.

"Nimemwambia si damu, si moto, si mgeni. Amegonga tu."

"Kuna nini, mama?" nikamuuliza.

"Nimekuja kuwaambia msirudi bado," akasema Gundi. "Sijamaliza."

Akafunga mlango mwenyewe.

Nyumbani nilianza kusafiri na mume wangu. Siku za mwanzo nilikuwa msafiri mbaya. Tunamwacha Gundi ndani, tunaketi kwenye ngazi ya nyuma na mkate wake wa moto, kikombe hakijafika mdomoni nimeshanyanyuka kwenda kuchungulia. "Mama Gundi, umeshuka tena njiani?" ananiuliza. "Dereva atakuacha." Gundi naye alikuwa analia kidogo, anaacha, analia tena, kisha kunakuwa na ukimya wa mtu aliyepata shughuli. Polepole nikajifunza kukaa. Ndipo mume wangu akaniambia kwamba kiwandani yeye ndiye anayeanzisha nyimbo wakati wa kukanda unga, na wenzake wanaitikia, na kwamba wakati mwingine anatunga maneno yanayonihusu. Miaka yote hiyo. Nikamwambia aimbe. Akaimba, na mimi nikamkodolea macho kama ninayemtazama mgeni aliyeingia na mzigo. Mwanamume mzima alikuwa ndani ya nyumba yangu nami sikumjua.

Yule mteja wa sauti ya chini alirudi kuchukua gauni lake, akaniambia watu wanasema siku hizi hata mimi nasafiri. Nikamwambia ni kweli, jana tulifika kwenye jua, lakini hatukukaa. Alilijaribu gauni, akalipa, akaondoka.

Muhula ukafunguliwa. Nikampeleka Gundi shule tena. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama getini, anapokea watoto. Aliponiona akaitazama mikono ya Gundi, na mikono ya Gundi ilikuwa kwenye gauni langu, imeshika palepale kiunoni. Nikachuchumaa.

"Mimi nakwenda sokoni kununua vifungo," nikamwambia. "Kisha nitashona. Mtakapotoka utanikuta hapa."

Hakulia. Alinitazama vile ninavyoutazama mshono wa mtu mwingine.

"Utakwenda bila mimi?"

"Ndiyo."

"Utaweza?"

Swali hilo sikulitegemea, wala hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia kweli. "Nitajaribu."

Akafikiri. Akaliachia gauni, akalinyoosha pale lilipokunjamana, akasema, "Haya, nenda." Akapita kwa mwalimu mkuu bila kumtazama, akaingia kwenye kundi la sare, na baada ya hapo sikuweza tena kumtofautisha na wengine. Nilijitahidi. Migongo yote ilikuwa sawa. Mtoto niliyekuwa nikimjua kwa harufu gizani, nimempoteza mchana kweupe, kwa kuwa alikuwa mmoja wa watu.

Mlinzi akanijia. "Mama, unamsubiri nani?"

Nikaenda sokoni. Barabara ilikuwa ileile, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu, na niliitikisa nikitembea kama mtu anayejifunza kutembea. Vifungo nilivichagua kimoja kimoja, nikavigeuza kwenye mwanga. Sijui kama niliwahi kuviona.

Walipotoka, mwalimu mkuu alinifuata. Nikamuuliza kama Gundi alilia.

"Alilia," akasema. "Akanyamaza. Akaomba maji, akanywa, akarudi kukaa. Jina lake nimeliandika kwenye daftari la darasa."

Mama mwenzangu, mwenye mtoto aliyekuganda, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiamini habari ya nyumba ya mtu kabla hujaketi ndani ya nyumba hiyo.

Usimwitikie mtoto kabla hajaita.

Usikae upande wa pili wa mlango ukiwa umeufunga kwa ufunguo.

Usisafiri jiko likiwa linawaka, wala pakiwa na dawa, kisu, au maji ya kina mahali mtoto anapofika.

Usimfanye mtoto mkubwa kuwa mama wa wadogo. Muda wa chai unatosha.

Usinyanyuke kwa kila kilio. Sikiliza kwanza ni kilio gani.

Usimcheke mtoto anayezungumza na kitu kisichojibu.

Usimzoeze mumeo kunyamaza.

Usimtoroke mtoto shuleni akiwa ametazama kando. Muage usoni.

Ukishaaga, usibaki getini.