Khalifa Baada ya Babu Makame

Baba mkubwa Anuar alinipa karatasi asubuhi ya arobaini ya babu, nikiwa uani nachambua mchele wa pilau.

"Fathiya, wewe ndiye uliyesoma chuo. Baada ya Alasiri utasoma hii kwenye spika, watu wajue maana ya khalifa kabla sijavishwa joho."

Nikaisoma. Iliandikwa kwamba khalifa ni mtawala, na kwamba tangu mwanzo cheo hicho kilikwenda kwa mwana wa damu.

"Baba mkubwa, hii si kweli."

"Nini si kweli?"

Mbele ya wakubwa sauti yangu hukwama. Siku hiyo ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Khalifa ni yule anayekuja nyuma ya mwenzake na kushika kazi yake. Mtume alipofariki, Abubakari aliitwa hivyo, na hakuwa mwanawe. Tena walipomwita khalifa wa Mungu alikataa. Alisema yeye ni khalifa wa Mtume tu."

Akacheka. "Kumbe unataka tumvishe Niragira! Mtu wa kusema 'kiremba' badala ya kilemba! Alitoka Burundi na godoro kichwani, leo aongoze twarika ya baba yangu?"

Alimwita Niragira makusudi. Msikitini wote tunamwita Mzee Suleman, jina alilopewa na babu siku aliposilimu. Miaka sita ambayo miguu ya babu ilikataa, ni Mzee Suleman aliyetoka Kibimba kila Alhamisi kuja kuongoza zikri. Ni yeye aliyekwenda kwa baiskeli hadi Murusagamba kuosha maiti, barabara imegeuka uji. Babu alitamka kitandani, sisi tukisikia: "Nikiondoka, huyu ndiye atakayesimama." Baba mkubwa hakuwepo. Miaka yote hiyo alikuwa Mwanza na maduka yake.

Nilimfuata shangazi Sauda jikoni. "Shangazi, babu alisema nini? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Hakuniangalia. "Nyamaza, mwanangu. Joho ni la nyumba hii."

Nilirudi uani nikamrudishia baba mkubwa karatasi yake.

"Sisomi."

"Umefundishwa jeuri huko chuoni?"

Nikaurudia mchele wangu. Nilihisi nikifungua mdomo tena nitalia, na sikutaka anione nikilia.

Baada ya Alasiri katibu wa msikiti aliusoma uongo ule neno kwa neno. Wazee wawili wakamvisha baba mkubwa joho, wakamzungushia kilemba. Mzee Suleman alikuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono. Nilimwona kwa upenyo wa pazia la wanawake. Nilimkasirikia hata yeye, kwa upole wake.

Wanaume wakasimama duara, wakashikana mikono. Kwenye zikri khalifa ndiye anayeanza. Yeye ndiye anayejua lini kupandisha, lini kuvuka kwenda tamko linalofuata, wengine huitikia. Baba mkubwa alianza vizuri. Ilipofika zamu ya kuvuka, akarudia lile lile. Akarudia tena. Waitikiaji wakaanza kupishana, huyu huku, yule kule.

Ndipo Mzee Suleman, alivyozoea, akainua sauti kidogo, akavuka. Duara zima likamdaka, likatulia. Baba mkubwa alikuwa akichezesha midomo na kutabasamu, kama kwamba ni yeye.

Tabasamu lile sikuliweza.

"Mzee Suleman, usimsaidie!"

Sikujua kama nina sauti kubwa namna ile. Zikri ikakatika. Shangazi Sauda akanikamata mkono, kucha zikazama.

"Endelea, Niragira," alisema baba mkubwa.

Mzee Suleman aliinamisha kichwa. "Khalifa ndiye anayeanza," alisema kwa adabu. "Sisi tunaitikia. Anza, tunakufuata."

Baba mkubwa akafungua mdomo, akaufunga. Wote walikuwa wamemgeukia. Alivuta kola ya joho, akamwangalia katibu. Katibu akaangalia mkeka. Mikono ikaanza kuachiana, mmoja baada ya mwingine.

"Mzee Suleman," aliuliza mwanamume mmoja wa Kanazi, tena kwa sauti, "Alhamisi tuje kwako Kibimba?"

Mzee Suleman aliwatazama wale waliokwisha kuachiana mikono.

"Njooni na mikeka," alisema. "Kwangu ni padogo."

"Umetuvua nguo mbele za watu," shangazi alininong'oneza.

"Mmejivua wenyewe," nikamwambia, nikauchomoa mkono wangu.