Folda ya Marehemu

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Nikiongopa, mvua isinyeshe tena Shinyanga.

Mwaka 2001, Hozefa alikuwa na kompyuta dukani kwake pale mjini, yenye mchezo wa kulea vijitu ndani ya nyumba. Nguo na nyuso nyingine aliziongeza mwenyewe. Uso mmoja aliuchora kwa picha ya marehemu mkewe, Mama Kausar, na kila jioni alikaa kumtazama akipika.

Lakini mafaili yake yalizagaa ovyo. Mimi, mtunza stoo mstaafu wa mgodini, nikajitolea kuyapanga: nguo folda yake, viti folda yake. Ule uso nikautenga kwenye folda niliyoiita Marehemu, maana aliyekufa halali chumba kimoja na walio hai. Kufungua mchezo, Mama Kausar hayumo. Katika kuhangaika kumrudisha, nikaifuta folda nzima, na nakala nyingine haikuwapo.

"Mzee Boaz, mke wangu yuko wapi?"

"Kanipungia mkono, Hozefa. Kasema anakwenda Tinde kusalimia. Kama naongopa, chukua redio yangu."

Aliitazama ile nyumba. Jiko linawaka, mpishi hayupo.

"Tangu nimuoe hakuwahi kutoka bila kuniaga mimi," alisema taratibu. "Wewe akuage kama nani? Umemfuta, mzee wangu."

Nikaenda nyumbani kuleta redio. Aliipokea, akaiweka kando ya kompyuta, wala hakuiwasha.