Ziwa Lisilo na Benedeta

Shaa! Shaa! Sauti ilifika kabla ukungu wa ufuko wa Majanji haujafunguka. Mbawa nzito zikapiga hewa, kisha sauti ileile ikawatukana makorongo kwa Kisamia, kwamba wana vipara vya wazee lakini adabu ya wazee hawana.

Okumu, aliyelala kifudifudi mchangani na kamera mkononi, akaganda. Sauti aliijua. Ilikuwa ya Benedeta, mama mkwe wake, akilinda mukene wake, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu. Na mwanamume hamkodolei macho mama wa mkewe, seuze kumlenga kwa lenzi. Akajigeuza kwa tumbo kama kenge, akaipa sauti kisogo, akaielekeza kamera kwenye matete.

Ziwa likamlipa. Jua lilipochomoza, mdiria mmoja alining'inia hewani, akapigapiga mbawa palepale, kisha akajitupa majini. Okumu akamnasa akiibuka na samaki mdomoni. Akamnasa furukombe juu ya mti mkavu, akayanasa maji yakigeuka rangi ya shaba. Yeye alikuwa mtu wa harusi na picha za pasipoti, mwenye studio mjini Tororo, lakini asubuhi hiyo hakumwonea wivu mpiga picha yeyote duniani. Picha zote zilikuwa za kumpelekea Norah, mkewe. Mimba ya mkewe ilitishia kutoka. Daktari alikuwa amemlaza kitandani na kumkataza safari, naye kila jioni alililia ziwa la kwao.

Aliporudi nyumbani, aliketi ukingoni mwa kitanda akamwonyesha picha mojamoja kwenye kioo cha kamera. Norah alimsifia mdiria. Akamcheka furukombe, akisema amefanana na katekista wao. Kisha akaishika kamera mwenyewe. Picha zilipokwisha akaanza upya, upesiupesi, kama anayetafuta kitu kilichodondoka mchangani.

"Mama yuko wapi?"

Okumu akaeleza, kwa fahari kabisa, jinsi alivyojigeuza. Alingoja sifa. Kwao na kwa kina Norah husemwa lugha mbili tofauti, lakini heshima ya wakwe ni moja.

"Umelala pale asubuhi nzima," Norah akasema polepole, "mama yangu nyuma yako, na wewe umeniletea ndege."

"Sasa ningemlenga vipi mama mkwe?"

"Nyinyi watu wa chini ya Jiwe la Tororo mna heshima ya kuua mtu."

Alitabasamu, na tabasamu likamvunjikia mdomoni. Ndipo akamwambia kwamba anaogopa. Mila haimruhusu mama kuja kulala kwa mkwe, na yeye mwenyewe hawezi kwenda. Hakutaka maji wala mawimbi. Alitaka kuuona ule uso ukiwagombeza makorongo, kwa sababu mtu anayegombeza vile haogopi chochote, na yeye angejifunza hapo.

Damu ilimpanda Okumu usoni. Alikuwa na jibu tayari, jibu la mwanamume aliyetunza mila akaambulia lawama. Akalimeza. Akaizima kamera, akauweka mkono wake juu ya blanketi, pale tumbo lilipoanza kujaa.

"Jumamosi nakwenda tena," akasema. "Kamera nampa mdogo wako Annet, namfundisha pa kubonyeza, halafu mimi nasimama kwenye maji, nawapa mgongo. Nakuahidi, Norah, nitakuletea uso wa mama yako. Utaufungua wewe mwenyewe, na mimi nitafumba macho."