Fundi wa Nje ya Dirisha

Laptop ya Ian ilipokataa kuwaka, mama aliifunga ndani ya leso kama mtoto mchanga akaipeleka Bungoma mjini. Fundi wa huko aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akasema dawa yake ni kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Mama aliinyakua. Alirudi nayo nyumbani Tongaren akaapa kwamba hakuna tena mwanamume mwenye bisibisi atakayeishika, na kwamba haitatoka mbele ya macho yake.

Ian alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Alikuwa karani wa ghala la mahindi Kitale, na homa ya siku chache ilimchukua mwaka 2007. Picha zake tulikuwa nazo nyingi. Lakini siku moja tukichambua mboga, mama aliniambia, "Phelista, sura yake iko pale ukutani. Sauti ndiyo inanitoroka. Jana nimejaribu kuisikia kichwani, nikasikia ya mjomba wako."

Sauti ya Ian ilikuwa ndani ya laptop hiyo. Alimwambia mama kwamba ameirekodi na kwamba atakuja kumsikilizisha akipata nafasi. Hakuipata.

Mume wangu Wangila alikuwa akifanya kazi kwenye saiba ya intaneti Kitale, si mbali na tulipokaa mtaa wa Tuwan. Hakuwa bingwa, ila alikuwa mtu wa kujaribu, na alimpenda Ian kupita kiasi. Shida ni kwamba alikuwa mkwe. Kwetu, mama hasalimiani kwa mkono na mume wa binti yake. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anajitupa kichakani kama ameona nyoka. Mama hakuwahi hata kumwambia neno lolote moja kwa moja; kila kitu kilipitia kwangu.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Agosti, mwaka uliofuata kifo cha Ian, mambo yalipangwa hivi: mama sebuleni na laptop mezani, kwa sababu soketi ilikuwa huko. Wangila nje chini ya dirisha, kwenye kigoda, mgongo ukiegemea ukuta. Mimi katikati, kichwa dirishani.

"Mama Emmy," Wangila akaanza, akiniita kwa jina la mtoto wetu, kwa sauti ya daktari, "muulize mgonjwa anaumwa wapi."

"Haiwaki kabisa," nikajibu.

"Chaja ina taa?"

"Iko na taa," mama akasema. "Mwambie mimi si mjinga, stima iko."

"Amesema stima iko."

"Nimesikia, bana. Sawa. Toeni chaja, toeni betri. Halafu abonyeze kile kitufe cha kuwasha, ashikilie mpaka niseme basi. Kuna stima inalala ndani, lazima imalizike."

Mama akabonyeza kwa kidole gumba, uso umekaza kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na mwizi. Wakati huo huo kuku wa mkwe alikuwa ameiva, maana mkwe hawezi kukaa kwako bila kuku, hata akiwa amekaa nje kama mlinzi. Nikampelekea sahani. Nikarudi. Mama alikuwa bado ameshikilia.

"Phelista, kidole kinakufa."

"Hajasema basi."

"Anafanya nini huko?"

Nikachungulia. Wangila alikuwa na paja la kuku mdomoni, amefumba macho kwa utamu.

"Baba Emmy! Basi au bado?"

"Wuu! Basi! Basi zamani!"

Mama akakitazama kidole chake, kisha akalitazama dirisha. "Mwambie nikimaliza kulia nitacheka," akasema, na palepale akaanza kucheka kabla ya kulia.

Tukarudisha betri. Mama akabonyeza. Taa ikawaka, na laptop ikatoa mlio: pii, pii, pii! Mama aliruka nyuma akaniangukia.

"Hiyo nimesikia!" Wangila akapiga kelele huko nje, kama yeye ndiye aliyelia. "Hiyo ni memori! Izime. Geuza, fungua kile kifuniko kidogo cha mgongoni."

"Na nini?" mama akaniuliza. "Mwambie bisibisi nilishaiapia."

"Kisu, Mama," nikasema. "Ncha ya kisu. Hukuapia kisu."

Akafikiri, akakubali. Skrubu zikatoka. Kifuniko kikafunguka, na unga mweupe ukamwagika mezani. Ndani ya unga alikuwemo fukusi mmoja, mzima, akajikung'uta na kuondoka zake polepole kama mpangaji aliyefukuzwa.

"Mnaona nini?" Wangila akauliza.

"Mdudu," nikasema.

"Mdudu gani? Wa umeme?"

"Wa mahindi."

"Rudia hapo, Mama Emmy."

Nikamgeukia mama. Alikuwa ghafla amepata kazi ya kupanga vitambaa vya viti.

"Mama. Laptop ilikuwa wapi?"

"Si wakati wa ile fujo ya Januari, baada ya uchaguzi? Watu walikuwa wanavunja nyumba wanabeba televisheni. Nikaiweka ndani ya gunia la mahindi ghalani. Nani angeitafuta huko?"

"Na dawa ya fukusi?"

"Si nilitia vizuri! Mahindi hayakuharibika hata moja."

Nje tulisikia kishindo. Wangila alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda kwa kucheka. Alicheka mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kulia. "Mwambie... mwambie mama kompyuta yake haitaingiwa na fukusi mpaka kiyama!" Mama naye aliziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika, maana haikufaa mkwe amsikie akicheka namna hiyo. Mimi nilikaa sakafuni.

Tulipopata pumzi, Wangila akatuelekeza. Tusipulize kwa mdomo, mate yataingia. Mama akaleta bawa la kuku, lile la kufagilia unga, akapangusa unga wa dawa taratibu, kona kwa kona, mpaka feni ikaonekana. Kisha nikachomoa kile kijibao cha memori, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia, nikakirudisha mpaka kikalia "tak".

Mama akabonyeza. Hakuna pii. Feni ikavuma. Lakini skrini ilibaki nyeusi.

"Imekufa," mama akasema. Kicheko chote kilimtoka usoni. Akaiwekea kiganja juu, kama anapima homa.

Wangila akagonga ukuta kwa nje. "Taa ya nyuma ya kioo inaweza kuwa ndiyo imekufa, si kompyuta. Pigeni tochi kwenye skrini. Mkae gizani."

Mchana ule giza lilikuwa wapi? Mama akavua leso, akatufunika sote wawili pamoja na laptop. Nikawasha tochi. Na kweli, kwa mbali, kama kitu kilicho chini ya maji, tukaona picha ya shamba letu na vijipicha vidogo vidogo juu yake. Mama akanibana mkono.

"Tafuteni kilichoandikwa jina la mtu," Wangila akasema. "Bonyezeni mara mbili, haraka haraka."

Kidole cha mama kilikuwa kigumu kwa jembe; kishale kilikimbia kila mahali isipokuwa tulikotaka. "Simama, wewe!" akakikaripia. Tukagongana vichwa. Kisha kimoja kikafunguka, kimeandikwa MAMA.

Sauti ikatoka ndogo, yenye mkwaruzo.

"Jaribu, jaribu. Mama, sema kitu."

"Niseme nini? Toa hiyo kitu mezani nipange sahani!"

"Wananchi wa Tongaren, mheshimiwa ameanza hotuba."

"Ian, nitakuchapa na huu mwiko!"

"Mheshimiwa anatishia raia. Ndiyo maana Wangila haingii humu. Wanasema ni heshima. Ni mwiko anaogopa!"

Halafu Ian akacheka. Kile kicheko chake cha kupanda ngazi, kinachoishia kwa kikohozi kidogo. Chini ya leso palikuwa na joto, na sikujua uso wa nani ndio uliolowa, wa mama au wangu.

"Amesema nini?" Wangila akaita. "Mama Emmy? Nimesikia jina langu! Amesema nini?"

Akauliza tena, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mama Emmy, tafadhali. Ni rafiki yangu."

Mama akaondoa leso. Akaibeba laptop, waya ukimfuata, akaenda mpaka dirishani. Akageuza mgongo, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Huko nje Wangila naye akageuza mgongo, akapapasa mpaka akaishika. Watu wawili, migongo miwili, kama wezi wasiofahamiana wanaopokezana mali.

"Mwambie asidondoshe," mama akaninong'oneza.

Nikampa Wangila tochi, akajifunika koti kichwani ili aione skrini. Akachomeka flashi yake kwanza, akanakili kila kitu, ndipo akabonyeza. Sauti ya Ian ikasema tena mambo ya mwiko.

"Uongo!" Wangila akapiga kelele ndani ya koti. "Uongo mtupu, Ian! Siogopi mwiko!" Akacheka, akanyamaza, akacheka tena, na koti likawa linatikisika bila kutoa sauti.

Mama alisimama ameupa dirisha mgongo, mkononi ameshikilia waya wa chaja kama kamba ya mbuzi anayeweza kutoroka. Alisubiri koti litulie. Kisha akainua sauti, na hakunitazama mimi wala hakuniambia nimwambie mtu.

"Wangila," akasema, "rudia pale anapocheka."